Ampuli Mbili za Njano, Kutoka Kasongo Kwenda Kabambare

Kasongo

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumatatu, Sumaili aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa karakana yangu, akaketi chini bila kusalimu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na tope lilikuwa limemkaukia hadi mapajani. Alikuwa ameondoka kijijini kwao, kwa ndugu yangu Amisi, Jumapili alfajiri, akalala njiani mara moja tu.

"Amisi iko mubaya," alisema. "Ngiri imetoka, haitaki kurudi ndani. Anatapika. Tumbo liko gumu kama ubao."

Amisi alikuwa ndugu yangu wa baba mmoja. Mama yake alikuwa Mbangubangu, kabila la upande wa Kabambare, na baba yetu alipokufa, Amisi alikwenda kukaa kwa wajomba zake, kilomita mia moja na kumi kutoka hapa. Nilifunga karakana, nikaenda hospitali kumwuliza muuguzi ninayemfahamu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Ngiri iliyojinyonga ni ya kupasuliwa tu. Daktari yupo leo na kesho. Keshokutwa asubuhi anakwenda ziara ya vijiji, majuma matatu. Kama unaweza, mlete kesho kabla ya giza."

Nimewaahidi ninyi mliokuja kunipa pole kwamba nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu kila mmoja amesikia kipande chake. Basi lazima nianze na taa.

Kamioneti yangu, gari dogo la mizigo mnalolijua, ilikuwa na taa mbili za ukungu chini ya bampa ya mbele. Ampuli zake, yaani globu, zilikuwa nyeupe. Katika vilima vya kuelekea Kabambare, wakati wa mvua, ukungu wa alfajiri ni mzito, na mwanga mweupe ukiupiga unakurudia machoni. Unaendesha kama mtu aliyefunikwa shuka. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Kifaransa cha mafundi, kile ambacho kurasa zake za mwisho zililiwa na mchwa, kwamba mwanga wa njano hauumizi macho kiasi hicho. Sikuamini kwa kusoma tu. Nilipaka ampuli moja rangi ya bluu na nyingine rangi ya njano, nikaegesha gari mita saba na nusu mbele ya ukuta wa chokaa, nikaweka masufuria matatu ya maji yanayochemka katikati ili kupata mvuke. Bluu haikufaa kitu. Njano ilisaidia, lakini rangi iliungua na kunuka baada ya dakika ishirini. Ndipo nikamwagiza Mgiriki mmoja wa duka aniletee ampuli mbili za kioo cha njano chenyewe, za volti sita. Zilifika Ijumaa. Jumamosi nilizifunga, nikasugua kutu kwenye waya, nikazielekeza chini kidogo ili zimulike ukingo wa barabara. Jumatatu Sumaili akaja.

Sumaili hakuweza kurudi nami. Nilimwacha kwa mke wangu, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kama angekaa kando yangu safari ile, angeelewa mapema mambo ambayo mimi sikuyaelewa.

Kasongo hadi kizuizi cha mvua

Niliondoka saa kumi na dakika arobaini. Nje kidogo ya mji mwanamke alisimama katikati ya barabara akiwa na kapu kubwa kichwani, hakusogea. Alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Lualaba, ambaye wengi wenu mnamdai au anawadai. Alikuwa anakwenda Salamabila kuwauzia watu wa machimbo ya dhahabu.

"Fundi," alisema, "unikanyage ao unibebe. Yote mawili ni sawa, miguu yangu imechoka."

"Ninakwenda kwa mgonjwa. Sitasimama njiani."

"Na mimi nimesema usimame? Nimesema unibebe."

Nilimbeba. Harufu ya samaki ilijaa mle mbele, naye akaanza kunihoji kuhusu Amisi, umri wake, watoto wake, alichokula kabla ya kuugua. Nilipomweleza habari ya ngiri alisema mume wake wa kwanza alikufa hivyo hivyo, siku ya tatu. Nilihesabu. Jumanne ingekuwa siku ya tatu ya Amisi.

Mvua ilianza kilomita ya kumi na sita. Mnajua sheria: mvua ikinyesha, mlinzi anashusha gogo barabarani, na hakuna gari linalopita mpaka njia ikauke, magurudumu yasije yakachimba mifereji. Niliogopa kizuizi kile kuliko kitu kingine chochote cha njiani. Nilipanga maneno ya kumwambia mlinzi, nikayarudia kimoyomoyo. Tulipokaribia, saa kumi na mbili na dakika tano, giza lilikuwa linaingia na mvuke ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Niliwasha taa za njano.

Mlinzi alitoka kibandani mbio, bila kofia. Gogo lilikuwa limeinuliwa kabla sijafika. Alisimama wima kando ya barabara, mkono kwenye paji la uso, maji yakimtiririka puani. Tulipita.

"Fundi," alisema Mama Zaina, akigeuka kumtazama nyuma. "Yule amekupigia saluti."

"Labda amejua kuna mgonjwa."

"Amejuaje? Uko na mugonjwa kwa paji la uso?" Alicheka mpaka kapu likayumba. "Basi leo weye ni muzungu, na mimi niko madamu. Madamu ya samaki."

Mimi nilifikiri hivi: mwanga wa njano unafika mbali katika mvuke, kwa hiyo mlinzi alituona mapema, akapata nafasi ya kuinua gogo, na saluti ni mazoea ya askari wa zamani. Lilikuwa jibu lililopangika vizuri, na nilitosheka nalo.

Lusangi

Tulifika Lusangi saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Kivuko kilicho mbele hakivushi watu gizani, kwa hiyo kuendelea kusingenifaa. Binamu yake Mama Zaina ana nyumba kando ya barabara. Nilipoegesha mbele yake, milango miwili ilifungwa na taa ya ndani ikazimwa. Mama Zaina alishuka, akapiga ukelele wa kwao, akalitukana jina la binamu yake. Ndipo mlango ukafunguka.

Tulipewa ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Nilikula kidogo. Nilimwuliza mwenyeji kwa nini alizima taa.

"Tulifikiri ni wale wengine."

"Wengine gani?"

"Wengine tu, Fundi. Kula, ugali unapoa."

Alimtazama mke wake, na mke wake akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Mimi ni mtu wa Kasongo mjini. Kodi yangu hulipwa mwezi wa kwanza, kadi yangu iko mfukoni, na sijawahi kulima pamba ya lazima. Niliona kwamba wana siri ya nyumba, na si adabu kwa mgeni kuchokonoa.

Lusangi hadi kivuko

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Ukungu ulikuwa umejaa barabara nzima, na hapo ampuli zile zilinionyesha thamani yake. Kwa mwanga mweupe nilikuwa naona hatua kumi. Sasa niliona ukingo wa barabara, majani na mashimo hadi hatua thelathini. Nakiri kwamba kwa robo saa nilisahau ngiri. Nilifurahi kama mtu aliyepiga hesabu ngumu ikatoka sawa.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano tulisikia ngoma ya mti, lile gogo lililochimbwa katikati, lenye sauti mbili, nene na nyembamba. Ilipigwa kilimani upande wa kushoto. Ilipokoma, nyingine iliitikia mbele yetu, mbali.

"Kuna matanga," alisema Mama Zaina.

"Unaielewa?"

"Mimi Mubangubangu? Ninaelewa samaki."

Katika kijiji cha kwanza milango ilikuwa wazi, moto unawaka, kuku wanaparua, lakini hapakuwa na mtu. Katika cha pili vilevile. Mama Zaina alisema wote wamekwenda kwenye matanga hayo makubwa, na mimi nikaona inawezekana. Katika cha tatu sufuria lilikuwa linachemka na kumwagika motoni. Alishuka akalitegua, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona chakula kikiungua, akarudi garini bila kucheka.

Baada ya hapo tulizama katika tope. Kwa kawaida njia ile gari likikwama watu hutokea hata usipowaita. Wanasukuma, wanataniana, unawapa chumvi, unakwenda. Siku ile nilipiga honi mara tano. Hakuja mtu. Nilikata matawi, nikayapanga chini ya magurudumu ya nyuma, Mama Zaina akasukuma akiwa amefunga kitenge kiunoni, na tulitoka baada ya dakika arobaini na tano. Muda wote huo ngoma iliendelea, kutoka kilima hadi kilima, ikituacha nyuma.

Kivuko

Kivuko ni mitumbwi minne iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao, inayovutwa kwa kamba ya chuma. Wavushaji wanalipwa na Bulamatari, yaani serikali. Baiskeli saba zilikuwa zinangoja upande wetu, na wenye baiskeli hizo walipotuona tukitokea ukunguni walizisukuma kando, wakainamisha vichwa. Kivuko kilikuwa tayari. Mkubwa wa wavushaji, mwanamume mnene mwenye kofia iliyochanika, alikuja mbio na mayai sita yaliyofungwa katika jani la mgomba, akayanyoosha dirishani kwa mikono miwili. Kisha akaona uso wangu.

"Eee!" alisema. "Ni mutu tu!"

Wenye baiskeli wakainua vichwa. Mmoja akatema mate. Mvushaji aliyarudisha mayai kifuani kwake.

"Weye ni nani?"

"Fundi wa magari wa Kasongo. Ninakwenda kumchukua mgonjwa."

"Hizi taa ulizitoa wapi?"

"Nilizinunua."

"Uziondoe."

"Kwa nini?"

Aliwatazama wenye baiskeli, akamtazama Mama Zaina, akanitazama tena. Nilikuwa nimevaa shati safi na kalamu mfukoni. Sasa najua alichokuwa anakipima: kama mimi ni mtu wa serikali, neno lake lingempeleka gerezani.

"Hazipendezi," alisema tu. "Njano haipendezi gari hili."

Niliudhika. Nilidhani ni wivu, kwa maana nimezoea watu kuniambia kwamba kitu nilichokibuni hakifai. Nilimjibu kwamba nitaziondoa siku atakayonionyesha katika kitabu kwamba ni mbaya. Alituvusha polepole sana, na kamba ya chuma ilikwama mara mbili mahali ambapo, kwa maoni yangu, haikuwa na sababu ya kukwama.

Kijiji kitupu

Tulifika kijijini kwa Amisi saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umetanda kwenye mashamba ya pamba. Nilizima mashine mbele ya nyumba yake, nikaita. Nikaita tena. Ndani, kitanda kilikuwa na joto bado. Kulikuwa na beseni la matapishi chini yake, na harufu niliyoijua kuwa si ya tumbo lenye afya.

Mtu mmoja tu alikuwa amebaki: Bibi Mwayuma, mama mzee mwenye mguu uliopooza, ameketi kwenye mkeka, anamenya muhogo kana kwamba hatupo.

"Amisi yuko wapi?" nilimwuliza.

"Mimi ni kiwete. Uniandike kitabuni kwamba mimi ni kiwete. Pamba yangu siwezi kupalilia."

"Bibi, mimi ni ndugu yake Amisi, Fundi wa Kasongo. Sumaili ndiye aliyeniita."

Aliacha kisu. "Njoo hapa." Alishika mikono yangu, akaigeuza, akakwangua mafuta meusi kwenye kucha zangu, akanusa kidole chake. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi.

"Weye? Ni weye? Mupumbafu weye! Ngoma imekutangaza tangu Lusangi. Macho ya manjano yanakuja, macho ya manjano yanakuja!"

Akatueleza. Tangu msimu uliopita, bwana mmoja wa mambo ya pamba amekuwa akija na askari katika gari lenye taa za njano, alfajiri, ukungu ukiwa mzito, ili kuwakuta watu wangali wamelala. Wasiopalilia hufungwa kamba. Wasiolipa kodi hufungwa kamba. Vijana wa vilimani wakiona njano, wanapiga ngoma, na kila kijiji kinaingia msituni. Wagonjwa hawaachwi, kwa sababu mara ya mwisho mgonjwa aliyeachwa alipigwa fimbo aseme wenzake walikojificha.

"Amisi wamembeba muda mfupi tu," alisema. "Kwa kitanda cha kipoyi, mabegani, mbio."

Mama Zaina alikaa chini kwenye vumbi. Mimi nilibaki nimesimama. Nakumbuka nilitoa saa mfukoni nikaitazama, lakini sikumbuki ilionyesha nini.

"Ninyi mnapewa ishara gani ya kurudi?" niliuliza. "Hakuna ngoma ya kusema hatari imekwisha?"

"Iko. Mupigaji iko porini pamoja nao." Alionyesha ngoma chini ya paa lake dogo. "Mimi ninaijua kwa masikio. Wanamuke hatugusi."

Nilimwomba anitajie mapigo. Aliyaimba kwa mdomo, nene na nyembamba, nami nikayaandika kwenye daftari kwa alama ndefu na fupi, kama nilivyojifunza alama za telegrafu. Nikamsomea, akasema ni sawa. Nilishika magongo, nikapiga kama ilivyoandikwa, bila kukosa hata alama moja. Nilirudia mara nne.

Bibi Mwayuma alikuwa ameacha kucheka.

"Acha," alisema. "Unasema maneno ya kweli kwa mukono wa mugeni. Wanasikia. Watasema askari wamemukamata mupigaji, wanamulazimisha. Watakwenda mbali zaidi."

Na ndivyo walivyofanya. Baadaye waliniambia kwamba walikuwa wamesimama karibu, ng'ambo ya kijito cha kwanza, na mtu mmoja alikuwa tayari kurudi kuchungulia. Waliposikia ngoma yangu walivuka kijito cha pili. Maji yalifika kiunoni, na kipoyi kikaelemea upande.

Aliyewapata ni Mama Zaina. Hakuniomba ruhusa. Alijitwika kapu lake, akaingia njia ya msituni peke yake, akipaza sauti: "Samaki! Samaki wa Lualaba! Askari gani anauza samaki, enyi waoga? Samaki!" Sauti yake ilipungua mpaka ikapotea. Nilikaa na Bibi Mwayuma, tukamenya muhogo. Saa saba kasoro dakika kumi walitokea.

Kurudi

Walikuwa watu kumi na wanane, wamelowa. Mbele alikuwa mjomba wa Amisi, Mzee Lubunda, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, bega moja likiwa limechubuka kwa mti wa kipoyi. Faida, mke wa Amisi, alikuwa ameshika kichwa cha mume wake kisigongegonge. Uso wa Amisi ulikuwa wa kijivu na macho yameingia ndani.

"Kaka," alisema. "Walinibeba mbio kama mbuzi wa kuibwa."

"Nyamaza, upumzike."

"Niliisikia mashine. Nilijua ni yako, ile ya kukohoa ikipanda mulima. Niliwaambia. Wakasema ni homa inasema." Akajaribu kucheka, akashindwa.

Lubunda alisimama mbele ya gari.

"Mutoto wa dada yangu hapandi kitu chenye macho haya."

Sikubishana. Nilichukua bisibisi. Skrubu moja ilikuwa imeshikwa na kutu, kioo kikanivunjikia mkononi. Kazi ile ilichukua dakika kumi na mbili. Mama Zaina alibaki; alisema angeendelea Salamabila kwa miguu pamoja na wengine, na kwamba gari lina watu wa kutosha. Faida na Lubunda walipanda nyuma na mgonjwa, juu ya majani ya migomba na mkeka.

Mchana njia nzima ilijaa watu. Walisimama milangoni kutazama gari lile lile likipita bila macho, na watoto walinionyesha kidole. Kwenye kivuko, mvushaji mnene alimwona Amisi, akavua kofia yake iliyochanika. Alituvusha haraka, kamba haikukwama hata mara moja. Tulipofika ukingoni alikuja dirishani.

"Ningekuambia," alisema. "Lakini ningejuaje weye ni mutu wa nani?"

Nilimwambia ni kweli, asingeweza kujua.

Mvua ilitukuta tena baada ya Lusangi. Tulifika kwenye kizuizi saa kumi na moja kasoro dakika tano. Gogo lilikuwa chini. Mlinzi wa jana alitoka kibandani taratibu, safari hii akiwa na kofia kichwani.

"Ee, bwana mukubwa! Kumbe uko mweusi hivi?" Alilizunguka gari, akainama, akatazama matundu mawili mahali pa taa. "Macho yamekwenda wapi? Jana nimekupigia saluti, leo unipigie weye."

"Nina mgonjwa. Daktari anaondoka kesho."

"Njia haijakauka. Nikikupitisha, mifereji yako italipwa na mugongo wangu."

Nilimpigia saluti. Nilisimama kwenye tope, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso, kama alivyofanya yeye. Alinitazama, kicheko kikamwishia usoni. Akaenda nyuma ya gari, akainua ukingo wa turubai. Alikaa hapo kitambo. Nilisikia Faida akisema jina la mume wake mara moja kwa sauti ya kawaida, kama anamwamsha, kisha mara ya pili kwa sauti nyingine.

Mlinzi alirudi, akainua gogo.

"Pita," alisema. "Polepole tu. Huyu hana haraka tena."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano.

Kwa wajomba

Lubunda alisema Amisi azikwe kwa wajomba zake. Tuligeuza gari palepale, na mlinzi akashusha gogo nyuma yetu. Mazishi sitayaeleza, wengine wenu mlikuwepo.

Baada ya matanga wajomba waliniita. Kwao, mtu akifa kwa sababu ya tendo la mtu, hata bila nia mbaya, upande wa mama unalipwa fidia ya kichwa chake. Kikao kilianza saa nne asubuhi. Nilieleza kila kitu: kitabu, ukuta wa chokaa, masufuria matatu, hatua thelathini badala ya kumi. Nilisema gari la pamba sijawahi kuliona alfajiri. Nilisema kwamba taa zangu zilinifikisha upesi zaidi. Walinisikiliza bila kunikatiza.

"Nimeelewa," alisema Lubunda. "Ulizijaribu mbele ya ukuta. Mbele ya watu ulizijaribu wapi?"

Wazee wengine walitaka kusema kwamba mwenye kosa ni yule mwenye gari la pamba; mmoja alilisema kwa sauti ndogo, akatazama mlangoni. Lubunda akamjibu, "Yule tutamudai namna gani? Huyu ni ndugu, huyu tunaweza kumudai."

Karani mmoja wa hapa Kasongo, rafiki yetu sote, alinishauri nipeleke shauri kwenye baraza la wilaya. Alisema hakuna sheria inayokataza ampuli ya njano na kwamba ningeshinda asubuhi moja. Nami naamini ningeshinda. Lakini katika baraza lile ningelazimika kueleza kwa nini vijiji vinakimbia, nani anapiga ngoma, na kutoka kilima gani, na karani wa baraza angeyaandika yote kwenye kitabu cha serikali.

Kwa hiyo nimeuza mashine yangu ya kuchomea vyuma, nimekwenda mwenyewe kwa baiskeli, nimelipa mkononi mwa Lubunda mbele ya Faida na watoto. Faranga elfu moja na mia tano.